Fundi Gesi na Mhudumu wa Ambulensi

Fundi wa kuchomelea alikuwa wa kwanza kufungua karakana katika mtaa ule. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Watu walimwita Gesi. Wateja wageni walidhani jina hilo limetokana na mtungi wa gesi uliosimama mlangoni. Waliomjua walijua kuna sababu ya pili. Hasira zake ziliwaka upesi, na zikiwaka hazichagui.

"Usibishane naye kabla hajanywa chai," muuza vipuri wa duka la jirani aliwaonya watu. "Atakuchomelea mdomo."

Baba yake naye alikuwa na jina lake. Walimwita Mzee Breki, kwa sababu aliendesha malori tangu ujanani hadi alipostaafu. Sasa alikuja karakana kila siku. Aliketi kwenye kiti kikuukuu cha lori, chini ya bati, na kutoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

"Geti hilo limepinda."

"Halijapinda, baba. Ni miwani yako."

"Miwani hii imeona barabara nyingi kuliko wewe. Taratibu, mwanangu. Weka breki."

Gesi alicheka. Mtu mwingine angemwambia hivyo, wangegombana. Lakini huyu alikuwa mzee wake. Mama alifariki Gesi akiwa mdogo, na mzee akabaki kuwa baba na mama. Alipika, akafua sare za shule, akamsuka dada yake Gesi nywele vibaya hadi watu wakacheka. Gesi hakusahau. Alimpenda baba yake, na kumpoteza ndicho kitu pekee alichokiogopa duniani.

Siku moja, jua likiwa limepanda, mzee alijishika kifua.

"Kinanibana," alisema.

Gesi akazima mashine. "Nikuletee maji?"

Mzee hakujibu. Aliteleza kutoka kitini, akalala chini kama gunia. Hakutikisika tena.

Muuza vipuri alipiga simu ya dharura. Ambulensi ilifika upesi, lakini Gesi aliona kama imechukua mwaka mzima. Walishuka watu wawili. Mmoja alikuwa dereva mwenye ndevu. Wa pili alikuwa mwanamke mfupi, amevaa koti lenye mistari inayong'aa. Mwanamke alipiga magoti kwenye vumbi la chuma. Alimgusa mzee shingoni, akasikiliza pumzi zake. Kisha akaweka viganja vyake katikati ya kifua cha mzee, kimoja juu ya kingine. Akaanza kubonyeza kwa haraka na kwa nguvu.

"Mnafanya nini?" Gesi alipaza sauti. "Mpakieni garini! Hospitali si pale tu?"

"Moyo wake umesimama," mwanamke alisema bila kuinua kichwa. "Nikiacha kubonyeza ili tumbebe, atafia mikononi mwetu. Nipe nafasi, kaka."

"Unamuumiza!"

"Kaka, nipe nafasi."

Hapo Gesi alisikia kitu kikivunjika kifuani mwa baba yake. Kilitoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Akili ikamruka. Alimshika mwanamke bega, akamvuta nyuma. Mwanamke akajinasua, akarudi kwa mgonjwa wake. Gesi akakunja ngumi, akampiga taya.

Mkono ule ulizoea kubeba vyuma. Mwanamke alianguka juu ya vipande vya nondo. Watu walipiga kelele. Muuza vipuri na fundi wa matairi walimrukia Gesi, wakamlaza chini na kumkalia.

"Una wazimu?" muuza vipuri alimfokea sikioni. "Una wazimu wewe?"

Mwanamke aliinuka. Damu ilimtoka mdomoni, na taya lake lilikuwa limekwenda upande. Hakumtazama Gesi hata kidogo. Alijivuta kwa magoti hadi kwa mzee, akaweka viganja pale pale, akaendelea kubonyeza. Matone ya damu yake yalidondoka kwenye shati la mzee. Dereva alibandika nyaya za mashine ya kushtua moyo.

"Wote rudini nyuma!" dereva alisema.

Mwili wa mzee ulishtuka. Mwanamke akabonyeza tena. Mashine ikashtua tena. Kisha mzee akavuta pumzi, ndefu na nzito, kama mtu anayetoka ndani ya maji.

Gesi aliyaona yote akiwa chini, shavu likiwa vumbini. Baba yake alikuwa hai. Angepaswa kufurahi. Lakini aibu ilimfikia kabla ya furaha.

*

Polisi walimchukua siku ile ile. Mke wake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alihangaika na dhamana hadi akamtoa. Walipofika nyumbani, mke aliketi mbele ya cherehani yake, lakini hakushona.

"Wateja wangu wameniuliza kama ni kweli," alisema. "Nimewaambia sijui. Nimesema uongo, baba watoto. Mtaa mzima umeona."

Gesi aliinamisha kichwa.

Mjomba wake alifika jioni, na maneno mengi mdomoni.

"Mbona mnakaa kama mko matangani? Haya ni mambo madogo. Kesho twende nyumbani kwa huyo dada. Tunabeba zawadi, tunaomba radhi, anafuta kesi. Tumeyamaliza kifamilia."

"Msiende, mjomba," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa jirani yao. Alifanya kazi mahakamani, na mtaani walimwita Mama Karani. Mke wa Gesi ndiye aliyemwomba aje.

"Kwa nini tusiende?" mjomba aliuliza. "Kuomba radhi imekuwa dhambi?"

"Si dhambi. Lakini yule dada ni shahidi. Masharti ya dhamana yanakataza mshtakiwa kumfuata shahidi, yeye au watu wake. Mkienda na zawadi zenu, mnaongeza kosa juu ya kosa. Na hata akipokea, hawezi kufuta kesi."

"Hawezi vipi? Si yeye aliyepigwa?"

"Ni yeye aliyepigwa, lakini mshtaki ni serikali." Mama Karani aliketi. "Sikilizeni. Zamani ungekuwa sahihi, mjomba. Mtu akimpiga mzimamoto au mhudumu wa ambulensi, alishtakiwa kama walevi waliopigana kilabuni. Alilipa faini, akasema pole, akaenda zake. Wakazidi kupigwa. Wengine wakaacha kazi. Sasa bunge limebadilisha sheria. Kumshambulia mtumishi wa usalama wa umma akiwa kazini ni kosa la peke yake, na adhabu yake imeongezwa. Akimjeruhi, hakimu haruhusiwi kutoza faini peke yake. Lazima kuna kifungo."

Mke wa Gesi alishika mdomo.

"Kwani damu ya mhudumu ni nyekundu kuliko yangu?" mjomba alisema. "Nikipigwa mimi, je?"

"Ukipigwa wewe, sheria ipo vilevile. Lakini fikiria hivi. Ukimpiga dereva wa basi ndani ya basi, ni nani yuko hatarini?"

"Abiria wote."

"Basi ndiyo hiyo. Ukimpiga mhudumu, umewapiga na wote wanaomsubiri. Kuanzia na yule aliye chini ya mikono yake."

Gesi alizungumza kwa mara ya kwanza. "Dada, nilidhani anamuua. Nilisikia mfupa ukivunjika."

"Najua. Mbavu za mzee huvunjika kirahisi anapobonyezwa kifua. Ubavu unapona. Moyo uliosimama ukiachwa, haurudi."

"Sikujua."

"Hukujua. Lakini alikwambia, na hukumsikiliza." Mama Karani hakusema kwa ukali. "Ungeweza kumweleza ugonjwa wa mzee na dawa anazotumia. Ungeweza kuondoa vyuma njiani, machela ipite. Na kama hukuridhika na kazi yao, ungeandika namba ya gari, ukalalamike ofisini kwao baadaye. Malalamiko yana mlango wake. Ngumi haina mlango."

Mjomba alijikohoza, akatafuta kofia yake.

*

Mzee Breki alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa amekonda. Kila alipokohoa alijishika mbavu. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Hospitali nzuri," alisema, "ila uji wao unahitaji fundi."

Watu walicheka kidogo tu. Mzee aliwatazama mmoja mmoja.

"Daktari ameniambia nisingekuwa hapa kama si yule binti wa ambulensi. Nataka kumwona. Nataka kumshukuru kwa mdomo wangu. Nipelekeni."

Mke wa Gesi alichukua vyombo akaenda navyo jikoni, ingawa vilikuwa visafi.

"Kesho tutaona, baba," Gesi alisema.

Kesho yake mzee aliuliza tena. Gesi alisema gari limeharibika. Siku iliyofuata alisema yule dada yuko likizo. Mwishowe mzee alikasirika.

"Mnanifunza tabia gani? Mtu anikopeshe uhai, mimi ninyamaze? Wewe mwanangu nimekulea hivyo?"

Gesi aliketi sakafuni karibu na kitanda, kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mtoto. Hakuweza kumtazama usoni. Alitazama miguu ya baba yake, iliyovimba kidogo.

"Baba, nilimpiga."

"Ulimpiga nani?"

"Yule binti. Alikuwa anakubonyeza kifua. Nilimvunja taya. Nina kesi."

Mzee hakufoka. Afadhali angefoka. Aligeukia ukutani. Kisha akazungumza na ukuta.

"Mimi niko hai kwa sababu yule binti hakukusikiliza."

"Ndiyo, baba."

"Angekaa pale chini akajililia taya lake, na haki alikuwa nayo, leo ningekuwa kaburini. Na wewe ungesimama makaburini ukiwaambia watu kwamba ambulensi imemuua baba yako. Nao wangekupa pole."

Gesi alilia. Alikuwa hajalia tangu mazishi ya mama yake.

"Nifanye nini, baba?"

"Usimwongezee kazi. Usimlazimishe kusimama mbele ya watu aeleze alivyopigwa. Nenda ukaseme ukweli."

*

Siku ya kesi, mjomba alimvuta Gesi pembeni ya mlango wa mahakama.

"Sema shetani alikupitia. Sema hukumbuki kitu."

"Nakumbuka kila kitu, mjomba," Gesi alisema, akaingia.

Aliposomewa shitaka alijibu, "Ni kweli. Nilimpiga."

Mwendesha mashtaka alieleza yaliyotokea baada ya ngumi ile. Yule mwanamke alifungwa taya kwa waya. Kwa wiki nyingi alikula kwa mrija, na kazini hakurudi. Siku ile ambulensi yao iliondolewa barabarani kwa kukosa mhudumu. Upande wa pili wa mji, mtoto mwenye pumu alilisubiri gari ambalo halikuja. Iliitwa ambulensi nyingine kutoka mbali. Mtoto alipona, lakini mama yake alisimama barabarani akipunga kanga hadi sauti ikamkauka.

Gesi hakuwa amejua habari za mtoto huyo.

"Una la kujitetea?" hakimu aliuliza.

"Sina, mheshimiwa. Nilidhani kwa kuwa ni baba yangu, nina ruhusa."

Hakimu alisema amepima mambo mawili. Mshtakiwa amekiri mapema, na hakuwahi kushtakiwa kabla. Lakini sheria imewekwa kuwalinda wanaotukimbilia tunapoanguka. Alimhukumu kifungo cha mwaka mmoja na nusu.

Askari walipokuwa wakimtoa Gesi, aliwaona baba yake na yule mwanamke kwenye ukumbi wa nje. Mwanamke alikuwa amekuja kusikiliza hukumu. Uso wake ulikuwa bado umevimba upande mmoja. Mzee alimfuata polepole kwa fimbo yake. Alikuwa ameandaa maneno ya shukrani.

"Binti yangu," alisema. Akakwama hapo.

Mwanamke alimshika mkono. Alizungumza kwa shida, meno yakiwa yamebanana.

"Mzee, kifua bado kinauma?"

"Kinauma kidogo."

"Samahani. Najua nilikuvunja mbavu. Haikuwezekana vingine."

Gesi alisikia neno hilo, samahani. Aliyepigwa ndiye aliyeomba radhi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Askari akamvuta, wakaenda.

*

Mchuma janga hula na wa kwao. Karakana ilifungwa. Mke wa Gesi alishona hadi usiku wa manane, na wateja wengine walimkimbia. Shuleni, watoto wake waliwaambia wenzao kwamba baba amesafiri. Siku moja mtoto mkubwa alirudi akilia. Mwenzake alikuwa amemuuliza kwa nini baba yake alisafiri kwa gari la polisi. Gesi aliyasikia hayo siku ya kutembelewa gerezani. Alimwambia mke wake, "Waambie ukweli. Waambie nilikosea, na ninalipa."

Alipotoka, alirudi karakana kupitia uchochoro wa nyuma ili watu wasimwone. Ilikuwa kazi bure. Muuza vipuri alimwona.

"Pitia mbele, ndugu," alisema. "Hata ukipita juu ya paa, mtaa ni huu huu."

Gesi alimwendea Mama Karani.

"Dada, kifungo nimemaliza. Lakini bado siwezi kuinua uso. Nataka kumwomba radhi yule dada. Inaruhusiwa?"

"Kesi imekwisha, kwa hiyo sheria haikukatazi. Lakini usimvamie nyumbani. Nenda kituoni kwao, umwambie mkubwa wao. Yeye amuulize. Akikataa, ukubali."

Gesi alifanya hivyo. Jibu lilikuja baada ya muda. Mwanamke alikuwa amerudi kazini. Hakutaka mazungumzo ya faragha naye. Lakini kama mtaa wa karakana ungependa kufundishwa jinsi ya kumsaidia mtu aliyeanguka, angekuja na dereva wake.

Mtaa ulipenda. Siku ya mafunzo walikusanyika mafundi, wauza maduka na mke wa Gesi. Mzee Breki aliletewa kiti, akaketi mbele kabisa. Mwanamke aliweka sanamu ya plastiki chini, akaonyesha jinsi ya kubonyeza kifua. Watu walijaribu mmoja mmoja. Fundi wa matairi alibonyeza kama anakanda chapati, na watu wakacheka.

Zamu ya Gesi ilipofika, kicheko kilikwisha. Alipiga magoti.

"Dada," alisema, macho yakiwa chini, "nilikukosea. Sina neno kubwa kuliko hilo."

"Nimesikia," mwanamke alisema. Hakutabasamu. "Weka viganja."

Gesi aliweka viganja. Alibonyeza kwa woga, kama anagusa yai.

"Hapana. Nyoosha mikono. Bonyeza kwa nguvu." Mwanamke aliigusa sanamu katikati ya kifua. "Nguvu unazo. Ziweke hapa."

Gesi alibonyeza. Jasho na machozi vilidondoka pamoja juu ya plastiki, naye hakuacha mpaka alipoambiwa inatosha.

*

Msimu wa mvua ulipoanza, tairi la lori lililipuka mikononi mwa fundi wa matairi, likamrusha ukutani. Alikuwa hapumui. Muuza vipuri alipiga simu. Gesi alipiga magoti, akaanza kubonyeza kama alivyofundishwa. Wengine waliondoa vyuma na pikipiki barabarani, na mmoja akasimama njia panda kuwaonyesha wahudumu njia. Ambulensi iliingia hadi mlangoni bila kusimama.

Mwanamke mfupi alishuka. Alipiga magoti upande wa pili, akasema, "Niachie." Gesi akatoa mikono, akarudi nyuma.

Mara akafika kaka wa majeruhi akikimbia, kifua wazi.

"Mbona hamumpeleki? Mnamchezea ndugu yangu? Nitamvunja mtu leo!"

Gesi alisimama mbele yake, mikono ikiwa chini.

"Waache wafanye kazi. Wakimhamisha sasa, atakufa."

"Wewe unajuaje? Wewe ni daktari?"

Mtaa mzima ulikuwa unatazama. Baadhi ya waliotazama walikuwa wateja wageni, hawakumjua. Gesi angeweza kusema kwamba alifundishwa. Huo pia ungekuwa ukweli, na usingemwaibisha.

"Mimi si daktari," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Baba yangu alilala hapa kama ndugu yako. Huyu dada alikuwa anamwokoa, nami nikampiga, nikamvunja taya. Nikafungwa. Ukimgusa, na wewe utafungwa. Lakini gerezani si ndiko kunakouma. Kinachouma ni kwamba ningemuua baba yangu kwa mkono huu."

Yule mtu alimtazama. Alimtazama mwanamke anayebonyeza. Ngumi yake ikafunguka polepole.

"Nifanye nini sasa?" aliuliza.

"Wanataka kujua kama ana ugonjwa wowote. Waambie."

Mtu yule alichuchumaa karibu na dereva, akaanza kujibu maswali. Baada ya muda fundi wa matairi alikohoa. Walimpakia akiwa anapumua, na kaka yake akaruhusiwa kukaa mbele.

Mwanamke alifunga mlango wa nyuma. Kabla ya kupanda, alimgeukia Gesi.

"Mlianza vizuri," alisema. "Endeleeni hivyo."

Uso wa Gesi ulikuwa unawaka. Aliitikia kwa kichwa, kisha akatangulia mbele ya gari, akipunga mikono, akiwaambia watu wapishe.